Aliyeomba Lango la Pili

Kazini walimwita Mara-Mbili, na hawakumsingizia. Ukimtumia ujumbe kwamba kikao kimeahirishwa, atakupigia kuuliza kama kweli umeutuma wewe. Ukimpigia wewe mwenyewe, atasema, "Kata, nakupigia," kisha atapiga kwa namba aliyoiandika kwa mkono wake siku mliyojuana. Kijana mmoja wa idara ya hesabu aliyewahi kumposa alilalamika kwamba kabla hajapata jibu, shangazi yake, mwenye nyumba wake na mwalimu wake wa sekondari walikuwa wameshahojiwa. "Mimi nilipeleka posa," alisema, "kumbe nimeomba viza." Posa ile iliishia njiani. Mara-Mbili hakuonekana kujuta, wala kijana mwenyewe.

Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, aliyevaa sweta hata siku za joto kwa sababu chumba cha seva kilikuwa baridi kama friji, na aliyekula mezani pake huku akisoma ili asilazimike kuongea na watu kantini. Mamlaka ya maji ya mji ilimwajiri atunze mlango mmoja tu, mlango usio na mbao wala bawaba.

Mamlaka ilikuwa na matangi, pampu na malango yaliyotawanyika vilimani, na kila kituo kilikuwa na kompyuta yake. Kituo kikitaka jambo, kompyuta yake hubisha hodi kwenye seva iliyoko ofisini, na programu ya Mara-Mbili ndiyo iliyokaa mlangoni ikisikiliza na kuamua nani aingie na nani asubiri nje. Wenye fani huuita mlango huo soketi. Shida yake ni kwamba hauna tundu la kuchungulia. Hauoni sura ya mtu. Unachoona ni anwani, safu ya tarakimu basi. Unaweza kuuliza, "Kwenye anwani hii anakaa nani?" nawe utapewa jina. Programu ya zamani, aliyoirithi kwa mtu aliyehama kazi, iliishia hapo. Ikisikia jina inalolijua, inafungua.

Siku alipofika kwenye mistari ile, Mara-Mbili alisukuma chakula chake pembeni.

"Mtu yuko nje ya nyumba yako," alimweleza Baba Pacha, aliyekaa meza ya jirani akiangalia malango na vipimo vya matangi. "Unauliza, 'Nani?' Anajibu, 'Mimi mjomba.' Nawe unafungua kwa sababu kweli mjomba unaye."

"Si nitaijua sauti yake?"

"Huyu hana sauti. Na jina lenyewe limeandikwa na mwenye ile anwani, au na kampuni ya laini. Anaweza kuandika analotaka. Anaweza kuandika jina lako."

"Mwambie akichukua jina achukue na mapacha," alisema Baba Pacha. "Wanalia kwa zamu."

Basi Mara-Mbili akaongeza swali la pili. Anwani ikishataja jina, jina lile hupelekwa kwenye seva ya majina, yaani daftari la anwani la mamlaka yenyewe, nalo huulizwa, "Na wewe kwenu wapi?" Jibu likirudi na anwani ileile, mgeni anaingia. Lisiporudi hivyo, ombi linawekwa kando, na ni Meneja peke yake anayeweza kuliingiza kwa mkono.

Swali hilo lilimletea aibu kabla halijamletea heshima. Kituo cha juu kilipohamishwa kutoka nyumba yake ya zamani bondeni kwenda jengo jipya kileleni, kilipewa laini mpya na anwani mpya, lakini seva ya majina ikachelewa kuambiwa. Asubuhi nzima kituo halali kilibisha na kukataliwa, mitaa ikakauka, na Meneja akaitwa na wakubwa kujieleza. Alirudi shati limelowa kwapani. "Umeniwekea mlinzi anayemfungia mwenye nyumba nje," alimwambia mbele ya watu wote. Kosa lilikuwa la mlango wake, na alilijua.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mama yao alipofariki, dada alikuwa bado shuleni, na mdogo bado hajaota meno ya mbele. Alimbeba mgongoni akipeleka maji, akifua, akisoma, hata wapangaji wapya wa pale walipopanga wakamwita mama wa mtoto. Sasa yule mtoto alikuwa fundi wa kuchomelea, mrefu, mwembamba kama fimbo, na hakuwa na shati hata moja lisilotobolewa na cheche. Ndiyo maana walimwita Cheche. Mamlaka ilimpenda kwa wembamba wake, kwa kuwa angeweza kupita mahali ambapo mafundi wenye vitambi wangekwama kama kizibo. Walikaa pamoja vyumba viwili, wakigombana kila asubuhi kama watu wanaojua kwamba jioni watakula sahani moja.

Siku ile waligombania chupa ya chai.

"Hiyo ni yangu," dada alisema.

"Wewe uko ofisini, dada, chai inakufuata mezani. Mimi naingia tumboni mwa bomba."

"Na simu uiweke mfukoni, sio kwenye mkoba wa chakula."

"Huko ndani itashika mtandao gani? Wa popo?" Akaondoka na chupa.

Bomba alilolisema lilitoka tangi kubwa la kilimani na kuleta maji mjini. Upana wake mtu angeweza kutembea ndani ameinama. Viungo vyake vilikuwa vimepata ufa, na njia pekee ya kuvichomelea vizuri ilikuwa kutoka ndani. Asubuhi ile lango la pili, lile linalozuia maji ya tangi yasiingie bombani, lilifungwa kwa ombi la kituo cha juu, mafundi wakaingia.

Kwa kazi ya namna hiyo mamlaka ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Mwangalizi wa kituo cha juu, mzee waliyemwita Ngazi kwa sababu ya vidato anavyopanda kila siku, husimama mwenyewe kwenye mdomo wa bomba kule bondeni. Mafundi wakimaliza wanatoka mbele ya macho yake, wanasimama, kila mmoja anaitika. Hapo ndipo Mzee Ngazi anapopanda kituoni, anakaa kwenye kompyuta yake na kuomba lango lifunguliwe. Bondeni simu za mkononi hazishiki, kwa hiyo hakuna anayepiga kusema "tumetoka." Ombi lenyewe ndilo habari. Likifika ofisini, maana yake bomba ni tupu.

Baada ya chakula cha mchana Baba Pacha aliinua kichwa. "Mzee Ngazi huyo anaomba lango la pili! Wamemaliza. Leo Cheche atawahi nyumbani akumalizie sukari."

Mara-Mbili alitabasamu. Kisha akamsikia Baba Pacha akisema kwa sauti nyingine, "Lah. Mlango wako umemkataa."

Alijivuta na kiti mpaka kwenye skrini. Jina: kituo cha juu. Ombi: fungua lango la pili. Hali: limezuiwa, jina na anwani havipatani.

Anwani ya kituo cha juu aliijua kwa moyo, kama mama anavyojua mgongo wa mwanawe katika kundi la watoto. Hii haikuwa hiyo. Lakini pia haikuwa ngeni kabisa, aliwahi kuiona mahali, na jambo hilo ndilo lililomtia baridi. Asubuhi, ombi la kufunga lango lilitoka kituo kilekile na kupita bila neno. Sasa jina lilikuwa lilelile, na tarakimu zilikuwa nyingine.

"Mpigie kituoni," alisema.

Baba Pacha alipiga. Simu ya mezani ya Mzee Ngazi iliita, ikaita, ikakata. Akajaribu ya mkononi. Haipatikani.

Meneja aliingia na simu sikioni, akijibu "ndiyo, ndiyo mama, tunashughulikia," huku akiwapungia mkono wanyamaze. Alipokata, uso wake ulikuwa umekunjamana. "Hospitali. Tangi lao limebaki tope. Kuna mama yuko kwenye meza ya upasuaji na daktari ananawa kwa maji ya chupa. Lango limeombwa?"

"Limeombwa, Meneja," alisema Mara-Mbili. "Lakini..."

"Lakini nini?"

Baba Pacha akajibu kwa niaba yake, akitazama chini. "Mlango umelikataa."

Meneja alimgeukia Mara-Mbili. "Tena?"

Neno moja tu, lakini lilimchoma kama sindano.

"Hebu nisomee hapo," Meneja alisema. "Jina limeandikwa nini?"

"Kituo cha juu."

"Kituo cha juu yuko nani?"

"Mzee Ngazi."

"Na Mzee Ngazi anaomba lango lini? Nakuuliza, binti."

"Akishawaona wametoka."

"Basi wametoka. Fungua."

"Meneja, linalosema wametoka ni jina peke yake. Anwani haisemi hivyo."

"Watu wa laini wanabadilisha anwani kama mtu anavyobadilisha soksi! Juzi tu tulikauka kwa ajili ya hilihili swali lako."

"Siku ile nilikosea," alisema. "Leo sijui kama nimekosea."

"Hujui!"

"Sijui. Na wewe pia hujui."

Baba Pacha alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia Mara-Mbili akimjibu mtu hivyo, na yeye mwenyewe alijisikia masikio yakimwaka moto.

Skrini ililia tena. Ombi lilelile, jina lilelile, anwani ileile. Fungua lango la pili.

"Unaona?" Meneja alisema. "Mtu wa watu anasubiri."

"Mzee Ngazi hajawahi kuomba mara ya pili bila kupiga simu kwanza kututukana," alisema Mara-Mbili. "Na kama ameketi hapo anaomba, simu iko karibu na kiwiko chake. Mbona hapokei?"

"Labda ameenda kujisaidia."

"Anaombea huko huko?" Baba Pacha aliuliza, kisha akatamani asingeuliza.

Meneja alizunguka meza. Alikuwa mtu wa haki kwa siku nyingi za mwaka, na hata wakati ule hakuwa mbaya. Kichwani mwake alikuwa na mama wa watu aliyelala kwenye meza ya upasuaji. Aliweka mkono kwenye kibodi. "Sogea, niingize mimi."

Mara-Mbili hakusogea. "Mdogo wangu yumo mle."

"Najua yumo. Ndiyo maana nasema hili si la kuamua wewe. Moyo wako uko bombani, kichwa kitafanya kazi saa ngapi?"

Maneno hayo yalimgusa kuliko kelele zote. Alijiuliza kama ni kweli. Kama mle ndani angekuwa mtoto wa mtu mwingine, je, angemwacha mgonjwa akose maji kwa sababu ya tarakimu chache? Alijiuliza kwa dhati, na hakupata jibu la kumpendeza. Alichopata ni kwamba tarakimu zile zingekuwa si sahihi vilevile.

"Sawa," alisema. "Liingize. Lakini ukiliingiza kwa mkono, anayesema wametoka si kituo tena. Ni wewe. Sema tu kwa sauti, Baba Pacha asikie: 'Nimewaona wametoka.' Ukisema hivyo nasogea."

Meneja alifungua mdomo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi. Nje, uani, mtu alikuwa akigonga chuma, na kila pigo lilisikika chumbani. Meneja alifunga mdomo, akaondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Nitafutie jibu," alisema. "Upesi, kabla hospitali hawajapiga tena."

Mara-Mbili aliipigia kampuni ya laini. Ulipigwa muziki, kisha sauti ya mashine, kisha muziki, kisha msichana mwenye sauti ya usingizi wa mchana.

"Dada yangu, nisomee tu anwani hii ni ya laini gani," Mara-Mbili alisema, akamtajia.

"Hatumwambii mtu laini ya mtu, dada."

"Ni yetu. Mamlaka ya maji."

"Hivyo ndivyo unavyosema wewe. Mimi nitajuaje?"

Mara-Mbili alifumba macho. Msichana alikuwa na haki, haki tupu, na wakati huo angeweza kumnyonga kwa waya wa simu. "Kata," alisema. "Angalia kwenye mkataba wetu, piga namba ya ofisi iliyoandikwa humo, omba chumba cha seva. Nitapokea mimi. Tafadhali, fanya sasa hivi, kuna watu ndani ya bomba."

Akaweka simu chini.

"Umemwambia akate?" Meneja alishika kichwa. "Umempata mtu hewani, halafu unamwambia akate?"

"Asingenijibu vinginevyo. Mimi pia nisingemjibu."

Wakakaa wakiitazama simu kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Ilipolia, Mara-Mbili na Baba Pacha waligongana mikono. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali.

"Mama, tunakupigia," Baba Pacha alisema.

Sauti ya muuguzi ilisikika mpaka kwa Meneja. Alikuwa akieleza, kwa urefu, alichofikiria juu ya watu wanaosema tunakupigia.

"Ndiyo mama, mama, shikamoo, lakini laini..." Baba Pacha alimtazama Mara-Mbili kwa macho ya kuomba msaada. Msichana wa kampuni alikuwa akipiga wakati huohuo, pengine, na kusikia simu inatumika, na kurudi kwenye usingizi wake. Mara-Mbili alinyoosha kidole akabonyeza, simu ikakatika katikati ya sentensi ya muuguzi. Baba Pacha alibaki na kipokezi hewani kama aliyeshika nyoka.

Skrini ililia. Fungua lango la pili.

Simu ikalia.

"Ni hivi," alisema msichana, na sasa alikuwa macho kabisa. "Hiyo ni laini ya nyumba yenu ya zamani, ya bondeni. Mlipohama mlisema mtaikata wenyewe, hamkuikata. Na jina la kituo hatukuambiwa tulifute, kwa hiyo bado limebaki kwenye anwani ile."

"Kwa hiyo ukiuliza anwani ile, inataja jina la kituo cha juu."

"Ndiyo. Nilifute?"

"Lifute," alisema Mara-Mbili. "Asante. Lifute."

Aliwaeleza. Baba Pacha alipiga meza kwa furaha, lakini Meneja alikuwa ameshafika mbali zaidi, na alipozungumza alizungumza polepole. "Nyumba ya zamani iko jirani na mdomo wa bomba. Mzee mwenyewe magoti yanamuuma. Amewahesabu, amewaona wametoka, akasema apande kileleni kwa nini wakati kompyuta ya zamani iko hapahapa? Akaingia, akaomba. Na simu ya mezani ya kileleni haipokei kwa sababu hayuko kileleni."

Mara-Mbili alikubali moyoni. Iliwezekana. Ilikuwa akili nzuri, akili ya mtu anayewajua watu wake. Swali lake la pili lilikuwa limemwambia ombi linatoka wapi. Halikumwambia nani kaketi pale, na kwa Cheche hilo ndilo lilikuwa jambo lote.

"Angeingiaje?" aliuliza.

"Kwa mlango."

"Mlango una kufuli. Ufunguo uko wapi?"

Meneja aligeuka. Baba Pacha aligeuka pia, kwenye ubao wa misumari nyuma ya kiti chake ambapo funguo za vituo vyote zilining'inia, kila moja na kipande chake cha bati. Alizipekua kwa kidole. Ya karakana. Ya ghala la dawa. Ya tangi dogo.

"Nyumba ya zamani," alisoma. Aliuinua ufunguo juu, nao ukayumba kwenye kidole chake. "Huu hapa."

"Kuna mwingine?"

"Ulikuwa mmoja tu," alisema Meneja. "Nilimnyang'anya mwenyewe Mzee Ngazi siku ya kuhama, akaninunia."

Baba Pacha alipiga tena kituoni mara mbili, simu ikaita, ikakata. Skrini ililia tena, kwa upole uleule.

"Sasa anayeomba ni nani?" Baba Pacha alinong'ona.

"Hakuna mtu," alisema Mara-Mbili.

Meneja alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa na sahani, na hakuiona. Kisha akainuka ghafla, akaenda dirishani, akapaza sauti mpaka wagonga chuma wakanyamaza. Alitaka lori la kumwagilia barabara lijazwe kwenye kisima cha karakana, liende hospitali, na dereva asimame njiani kwa sababu ya taa nyekundu tu, si kwa sababu ya mwanamke.

Alikuwa bado dirishani Mzee Ngazi alipopiga. Alikuwa akihema kama mvukuto.

"Nimepanda kuwaambia mniongezee muda! Hawajamaliza huko chini, kiungo cha mwisho kimekataa kushika. Hata hivyo nani amenipigia simu mara zote hizo? Niko nje bado napanda nasikia inalia, nafika inakata, mnanifanyia mchezo?"

"Wako wapi?" Mara-Mbili aliuliza.

"Wako wapi nini? Ndani! Huyo mdogo wako ndiye yuko mbali kuliko wote, nimemwacha nasikia sauti yake tu, anaimba vibaya."

Alimpa Baba Pacha simu. Alitembea mpaka chumba cha seva, akafunga mlango, akasimama kati ya mashine, mikono ameificha ndani ya sweta.

Jua lilipoanza kushuka lilikuja ombi jingine la lango la pili. Jina la kituo cha juu, anwani ya kituo cha juu, vyote vikapatana, mlango ukafunguka wenyewe kama ulivyofundishwa. Mara-Mbili alimpigia Mzee Ngazi kabla lango halijaanza kusogea.

"Umewaona?"

"Nimewaona, nimewagusa, mmoja amenikanyaga. Wewe binti!"

Asubuhi iliyofuata Meneja alimpa Mara-Mbili ufunguo wa nyumba ya zamani yeye mwenyewe, akamwambia aende na gari la ofisi, na kwamba Cheche anaweza kumsindikiza kwa kuwa vifaa vyake viko kulekule.

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Cheche aliusukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na giza, kinyesi cha popo, na kiti kisicho na mguu mmoja. Pembeni, chini ya gunia lililotupiwa ili kuzuia vumbi, kitu kilikuwa kikivuma. Mara-Mbili alilivuta gunia. Kompyuta ya zamani ilikuwa macho, na kwenye skrini yake iliyopauka maneno yalisimama: ombi halijajibiwa, najaribu tena.

Alielewa palepale. Siku fulani kabla ya kuhama, Mzee Ngazi aliomba lango la pili, umeme ukakatika kabla jibu halijarudi, naye akamaliza shida yake kwa simu. Mashine haikuambiwa. Ilizimika ombi likiwa bado mdomoni, haikuwashwa tena, na ilipoamka jana ikaendelea pale ilipoishia. Aliona pia kosa lake mwenyewe. Ombi halikubeba saa wala tarehe, kwa hiyo la mwezi uliopita na la jana yalikuwa na sura moja. Hilo angelirekebisha kabla ya chakula cha mchana.

"Nani aliiwasha?" alijiuliza kwa sauti.

Cheche alikuwa amesimama mlangoni akitazama kisanduku cha umeme kwenye ukuta wa nje, ambapo nyaya mbili nene za kazi yao zilikuwa bado zimening'inia zikielekea kwenye bomba.

"Taa za mle ndani," alisema mwishowe. "Na mashine ya kuchomelea. Umeme tuliuchukua hapa, dada. Jana asubuhi ilikuwa jenereta, mchana ikagoma, ndipo mimi nikaja nikainua swichi kubwa." "Nikainua swichi, nikarudi bombani."

"Ndiyo."

"Kwa programu ile ya zamani?"

"Ingefungua palepale."

Cheche alikaa kwenye kizingiti. Dada alikwenda akaketi karibu naye, mabega yakagusana.

"Meneja alisema nini?" Cheche aliuliza.

"Alisema moyo wangu uko bombani."

"Ulikuwako?"

"Ulikuwako."

Nyuma yao mashine ilitoa mlio wake mdogo. Najaribu tena. Cheche aliinuka, akaiendea, akaiinamia kama anayemtazama mtu usoni, kisha akaufuata waya kwa mkono mpaka ukutani na kuuchomoa. Feni iliendelea kuzunguka kidogo, ikapunguza, ikanyamaza. Hapo ndipo waliposikia kilichokuwa kikipita nje wakati wote ule: maji, mengi, ndani ya bomba, yakishuka kwenda mjini.